Miguu ya Msikilizaji

Nyuma ya pwani ya Kilifi, ukiacha barabara kuu ya Mombasa na Malindi pamoja na minazi yake, nchi hupanda polepole kuelekea Kaloleni, Ganze na Bamba. Huko vijiji vimeachana, mvua ni ya kubahatisha, na mambo mengi yaliyofika yalifika kwa miguu: chumvi, nguo, habari za msiba, na neno la Mungu.

Mpaka leo wapo wanaolipeleka hivyo. Mwinjilisti hushuka matatu Vitengeni, akaiacha barabara na kushika njia ya mchanga inayopita katikati ya mikorosho na vichaka vya miiba. Akala zake za tairi zimelika upande wa kisigino. Koti lake ni la suti ambayo suruali yake ilishakufa zamani. Biblia ameifunga kwa kipande cha leso kuukuu ili jasho la kwapa lisiilowanishe. Akifika kwenye mji wa watu haendi moja kwa moja mlangoni. Husimama pembeni mwa uwanja, akapiga hodi, akangoja mpaka mwenyewe amwone. Kisha huja kiti cha kamba, kata ya maji, na maswali: huko utokako mvua imenyesha? Mahindi yamebeba? Nani amezikwa? Kitabu hakifunguliwi mpaka hayo yaishe, na pengine jua limeshageuka.

Mara nyingi mtu huyu hana cheti cha chuo chochote. Kanisa lililomtuma lina jina refu na paa la makuti, na hakuna askofu anayejua leo amelala wapi. Nimewasikiliza wahubiri wa namna hii tangu utotoni, wengine kwa furaha, wengine kwa subira tu, na miaka hii ya karibuni nimejikuta nikiwasikiliza kwa hofu. Swali langu ni jepesi kulisema, ingawa jibu lake si jepesi. Mtu asiye na muhuri wa yeyote, aliyekuja kwa miguu yake, akisema Mungu ndiye aliyemtuma, nimpime kwa kipimo gani?

Wenye mamlaka wana kipimo chao tangu zamani, nacho ni kibali. Uingereza ya karne ya 17 ilikitumia kwa bidii. Kati ya 1660 na 1662 wachungaji wapatao 2,000 waliondolewa makanisani, wengi wao kwa sababu sheria ya 1662 iliwataka wakubali kitabu cha sala cha kanisa la serikali chote kama kilivyo, na wawe wamewekewa mikono na askofu. Mwaka 1664 ikawa kosa watu zaidi ya watano wasio wa nyumba moja kukusanyika kuabudu nje ya utaratibu wa kanisa hilo. Mwaka uliofuata wachungaji waliofukuzwa wakakatazwa kusogea ndani ya maili tano, yaani kilomita nane hivi, za parokia walizokuwa wakizitumikia. Serikali ilikuwa imetambua kwamba mtu wa namna hii nguvu zake ziko miguuni, ikampimia umbali.

Na serikali nyingine zimeona vivyo hivyo. Mwaka 1913 wakoloni hapa kwetu walimkamata Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyekwenda mji hadi mji akiwaambia watu wasitoe vijana wao wala kodi. Walimpeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akarudi kwa miguu. Hakuwa mhubiri wa kanisa, lakini waliomkamata walimwogopa kwa sababu ile ile: alikuwa na neno, na alikuwa anatembea.

John Bunyan alikamatwa hata kabla ya sheria zile za miaka ya 1660, kwa sheria kuukuu zaidi, mnamo Novemba 1660. Alikuwa fundi wa kutia viraka masufuria na vyungu vya shaba, mtu wa kuzunguka vijijini na vyombo vyake mgongoni, na katika mizunguko hiyo alikuwa akihubiri. Angeweza kuachiwa kama angeahidi kunyamaza. Hakuahidi. Akakaa katika jela ya Bedford miaka 12, mpaka 1672. Nyumbani aliacha mke kijana, Elizabeth, na watoto wanne, mmoja wao, Mary, akiwa kipofu. Ili wapate chakula, alikaa gerezani akitia ncha za chuma kwenye kamba za viatu, moja baada ya nyingine, ziende sokoni zikauzwe. Aliyefungiwa asitembee akawa anawafungia viatu wanaotembea. Baadaye akaandika kitabu cha mtu anayeuacha mji wake akaenda safari ndefu, kikatoka mwaka 1678. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Safari ya Msafiri.

Zamani nilipofikiri habari za Bunyan niliona nimepata kipimo changu. Mhubiri wa kweli, nilisema, ni yule anayelipa mwenyewe. Mwongo huwatoza wengine. Kipimo hiki kina utamu wake, na watu wengi hapa pwani wanakitumia bila kukitaja: mchungaji akinunua gari jipya wanatikisa kichwa, akionekana amekonda wanasema huyu ni mtu wa Mungu. Lakini nikikaa nacho muda mrefu kinaniponyoka. Bunyan hakulipa peke yake. Mary alilipa, na hakuna aliyemuuliza. Baba yake alilijua hilo, akaandika kwamba mawazo ya shida zitakazompata mtoto yule kipofu yaliuvunja moyo wake vipande vipande. Tena mtu anaweza kukonda kwa ajili ya uongo. Historia ya dini zote ina watu waliofunga, waliolala juu ya mawe, waliokufa kwa hiari yao, na bado walichokisema hakikuwa kweli. Mateso ya msemaji yanaonyesha kwamba yeye mwenyewe anaamini. Hayaonyeshi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nimerudi nyuma, kwa watu waliopita njia hizi hizi za Kilifi kabla yetu, niwatazame tena.

Waliokuja Ribe mwaka 1862 walikuwa wajukuu wa kiroho wa wale wachungaji wa Uingereza waliofukuzwa. Thomas Wakefield na wenzake, walioongozana na mmishonari mzee Krapf, walitumwa na Wamethodisti Huru wa Uingereza. Nao walikuwa wamejitenga na Wamethodisti wenzao waliokuwa nao wamejitenga na kanisa la serikali. Kukataa kulikuwa katika damu yao. Charles New aliwafuata mwaka 1863, akawa mtembezi kuliko wote. Mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro mpaka akafika kwenye theluji, na mwaka 1875 akafa akiwa kwenye safari nyingine. Rebecca, mke wa Wakefield, alizikwa Ribe mwaka 1873.

Wakefield alibaki mpaka 1887, na kuna kazi yake moja inayonivuta kuliko mahubiri yake. Alikaa chini na Sadi bin Ahedi, mtu wa misafara aliyetokea upande wa Gazi, akamsikiliza akitaja njia za kwenda bara: kambi baada ya kambi, mahali penye maji na mahali pasipo na maji, mlima upi uko mkono gani. Akayaandika yote, yakachapwa mwaka 1870. Nawaona wawili wale, Mmethodisti na Mwislamu, mmoja na kalamu, mwingine akihesabu vituo kwa vidole. Mmishonari alikuwa amekuja kusema, na kwa siku hizo zote kazi yake ikawa kunyamaza na kuuliza, "Halafu?" Sidhani alipoteza wito wake kwa kufanya hivyo. Aliyezoea kusikiliza anajua kwamba aliye mbele yake ametoka mahali, na ana mahali anakokwenda.

Lakini mtu ninayemrudia mara nyingi zaidi si Mwingereza. Ni Mgiriama, jina lake David Koi.

Ili kumwelewa inabidi uikumbuke Malindi ya wakati wake. Tangu katikati ya karne ya 19 mji ule ulikuwa umefufuka kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta, na mavuno yakapakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Waliolima walikuwa watumwa, maelfu kwa maelfu, wengi wao wameletwa kutoka kusini. Takaungu ilikuwa na mashamba yake na mabwana wake. Na kwenye shamba la watumwa hakukosi mtoro. Waliokimbia walishika njia ya bara usiku, wakaingia vichakani, wengine wakajenga kando ya mto Sabaki, wengine wakakimbilia kwa wamishonari, Rabai na Ribe.

Hapo ndipo wamishonari walipojikuta pabaya. Mioyo yao ilikuwa upande wa watoro. Lakini walikaa katika nchi ya Sultani wa Zanzibar, utumwa ulikuwa halali, na balozi wa Uingereza mwenyewe aliwaonya wasiwe maficho ya mali za watu. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walikuwa karibu kuwashambulia. Wamishonari wakaahidi, wakasitasita, wakapokea wengine kimyakimya, wakarudisha wengine. Sitawahukumu. Mtu mwenye kituo ana ukuta wa kulinda, na mwenye ukuta huhesabu.

Koi hakuwa na kituo cha Wazungu. Yeye na Wagiriama wenzake waliokuwa wamepokea Injili walikuwa wameanzisha kijiji chao Fuladoyo, bara ya Takaungu, mwishoni mwa miaka ya 1870. Hapakuwa na mmishonari aliyekaa pale kuwaamuru. Kilikuwa kijiji cha kulima na kusali, nao watoro wakakisikia. Wakaja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mpaka waliokimbia wakawazidi wenyeji. Fuladoyo ikawapokea.

Ukiyatafakari hayo polepole utaona uzito wake. Koi alikuwa mkaidi mara mbili. Aliwakatalia mabwana wa pwani, na pia hakufuata tahadhari ya walimu wake wa imani. Hakuwa ameagizwa na askofu kufungua mlango ule, wala hakupewa kibali na Sultani. Alikuwa amesikia habari njema, akadhani zina maana ile ile zinayosema. Mwaka 1883 watu wa pwani wakakivamia kijiji, wakamkamata Koi, wakamuua. Wanaosimulia historia ya kanisa humtaja kama Mkenya wa kwanza kuifia imani yake.

Watoro hawakukoma kuja. Miaka michache baadaye hesabu yao katika vituo vya wamishonari ilikuwa kubwa hata Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikaona nafuu kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watu wakaanza kupewa hati za uhuru, na kwa jumla waliokombolewa katika mpango ule walizidi 1,400. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1907. Sheria ilifika, kwa hatua za kobe, mahali ambapo Koi alikuwa ameshafika.

Sasa linganisha. Kuanzia Aprili 2023, katika kaunti hii hii, makaburi yalianza kufukuliwa msituni Shakahola, bara ya Malindi. Miili iliyotolewa ilipita 400. Madaktari walikuta wengi walikufa kwa njaa. Baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa, na watoto walikuwemo. Waliokufa walikuwa wamehama makwao, wengine kutoka mbali sana, kwa kufuata mahubiri. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na hapo. Kesi zimekwenda mahakamani, na hukumu ni kazi ya mahakama. Kazi ya sisi tuliobaki ni kukaa na swali.

Maana ukitazama kwa kibali tu, Fuladoyo na Shakahola zinafanana. Huku na huku kuna mhubiri ambaye kanisa kubwa halimjui. Huku na huku kuna watu walioacha walikokuwa wakaenda kuishi kichakani, mbali na macho ya serikali. Baada ya Shakahola wengi walisema wahubiri wote wasajiliwe, wawe na vyeti, wakaguliwe. Mwezi Mei 2023 Rais aliunda jopo la kuchunguza jinsi ya kusimamia mashirika ya dini, na mjadala ule bado haujaisha. Nawaelewa wanaotaka sheria. Aliyemzika mtoto ana haki ya kudai chochote. Lakini najua pia kwamba kwa sheria kali ya namna hiyo, Bunyan angefungwa na Koi angekuwa mhalifu, na mdanganyifu mwenye karani hodari angepata cheti asubuhi na mapema.

Basi tofauti iko wapi? Nimeitafuta kwenye miguu, lakini safari hii si miguu ya mhubiri. Ni ya msikilizaji.

Fuladoyo watu walifika kwa miguu yao wenyewe, wakikimbia mahali ambapo miguu yao ilikuwa mali ya mwingine. Walipofika walilima, wakala, wakaoa na kuolewa. Aliyetaka kuendelea mbele aliendelea. Neno walilolikuta pale liliwarudishia mwendo wao. Hata Elizabeth Bunyan, aliyelipa gharama asiyoichagua, alikwenda mwenyewe mbele ya majaji mwaka 1661 akamtetea mumewe kwa kinywa chake. Imani ile haikumkalisha chini. Msituni Shakahola kulikuwa na watu ambao hawangeweza kuondoka, na wadogo kuliko wote hawakuwa hata na lugha ya kuomba kuondoka. Wanaoyakumbuka mahubiri yale wanakumbuka mengi kuhusu mwisho wa dunia. Mimi nakumbuka kwamba njia ya kurudi ilifungwa.

Hili si jambo geni katika vitabu vyenyewe. Katika Injili ya Yohana kuna siku umati uliona maneno ya Yesu ni magumu, wengi wakageuka wakaenda zao. Hakuwazuia. Aliwageukia wale 12 waliobaki akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Sijui kama kuna swali lenye heshima kuliko hilo kutoka kwa mwalimu. Na Waislamu, majirani zetu na ndugu zetu hapa pwani, wanajua kwamba Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, inakataa mtu kushurutishwa katika dini. Kama Mungu mwenyewe ameacha mlango wazi, mja anapata wapi kufuli?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunautumia usemi huu kwa mzaha, lakini una hekima ya kiroho. Mhubiri wa miguu, yule mwenye akala zilizolika, ana fadhila moja ambayo mara nyingi haijui: kesho anaondoka. Anakuachia neno, na anakuachia nyumba yako, shamba lako, mke au mume wako, na akili zako ulizokuwa nazo kabla hajaja. Ukilikataa neno lake, jioni itakukuta ukipika sima yako kama jana. Akitaka kukaa zaidi, basi ashike jembe, alime nanyi, njaa yenu iwe njaa yake na mvua yenu iwe mvua yake. Hatari inaanza anapokaa bila jembe na kuwaita watu watoke kwao wamfuate alipo, wauze mbuzi na mabati, wawakate ndugu wasioamini. Hapo mwendo umebadilika. Aliyekuwa anatembea amekaa kitako, na waliokuwa wamekaa kwao ndio wanaotembezwa.

Sheria inaweza kusaidia, kama itajua mahali pa kusimama. Isimame kwenye mlango: mtoto aende shule, mgonjwa afike zahanati, shangazi anayeuliza habari za ndugu zake aruhusiwe kuwaona. Kinywa ikiache. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 32, imempa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu, na uhuru huo ni wa msikilizaji kabla ya kuwa wa msemaji.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haiwezi kufanywa na sheria. Ni ya roho, nayo ni ya polepole. Ndani yetu kuna kitu kinachochoka kuchagua. Maisha ya bara ni magumu, ya mjini ni magumu zaidi, na akija mtu mwenye sauti ya uhakika akasema nipe mizigo yako yote, pamoja na ule wa kufikiri, moyo unalegea. Nimeusikia ulegevu huo ndani yangu mwenyewe, katika mikesha, ngoma zikikolea na mkono wa mtu ukishuka juu ya kichwa changu. Ulikuwa mtamu. Siwezi kuwacheka walioufuata mpaka mwisho. Ninachoweza ni kujizoeza kitu ambacho Koi na watoro wake walikijua kwa gharama kubwa: kwamba Mungu anapomwita mtu humsimamisha kwanza, ndipo anamwambia twende.

Kwa hiyo akija mhubiri, awe na cheti au asiwe nacho, mpeni nafasi aseme mpaka amalize. Kisha jambo moja mkatalie waziwazi, mbele ya watu, kwa adabu. Mahubiri yake ya kwanza aliyaandaa njiani. Yatakayotoka baada ya kukataliwa hakuyaandaa, na hayo ndiyo ya kuyapima.